Pedali ya Klachi Ikigoma Kupanda: Mfano wa Subaru Impreza WRX

Mwenye Impreza WRX akifika gereji na kusema pedali ya klachi inabaki chini, mara nyingi jibu huwa limeshaandaliwa: "Bosi, klachi imekwisha, tushushe giaboksi." Jibu hilo ni ghali, na kwa dalili hii huwa linakosea kuliko linavyopatia. Klachi iliyolika huteleza: unakanyaga mafuta, injini inalia, mshale wa mizunguko unapanda, mwendo hauongezeki. Pedali kulala sakafuni ni ugonjwa mwingine. Unaweza kununua klachi mpya nzima, ukalipia na ufundi wake, ukatoka getini na pedali ileile, imelala vilevile.

Nimechagua WRX za turbo zilizotengenezwa kati ya 1992 na 2007 kwa kuwa ndizo magari ya kasi ambayo watu wa kawaida Afrika Mashariki wanayamiliki kweli. Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, Richard Burns akafanya hivyo tena mwaka 2000, na tangu hapo Nairobi haijapona. Lakini mengi nitakayoeleza yanamfaa pia mwenye Altezza, MX-5 au Lancer Evolution, maana mfumo ni wa aina moja: klachi inayosukumwa kwa mafuta. Impreza za zamani zisizo na turbo ni habari nyingine. Nyingi huvuta klachi kwa kebo, na kebo ikianza kuchanika nyuzi ndani ya ala yake, pedali hukwama. Dawa yake ni kebo mpya, hakuna la kuchunguza zaidi.

Nguvu ya kupandisha inatoka mbali

Wengi wanadhani pale juu ya mguu kuna springi nene inayoivuta pedali irudi. Springi ipo, lakini kazi yake ni tofauti kabisa, na tutaifikia.

Tuanze na mguu. Unapokanyaga, pedali inasukuma fimbo fupi inayopenya bati linalotenganisha injini na kabini, na kuingia kwenye masta ya juu. Pistoni ya masta hiyo inasukuma mafuta kupitia bomba la chuma, kisha mpira wa mafuta, hadi masta ya chini iliyofungwa juu ya giaboksi. Masta ya chini inasukuma foku. Foku inasogeza beringi ya klachi, na beringi inavisogeza vidole vya springi bapa iliyo ndani ya presha pleti, lile bamba linaloibana sahani ya klachi. Sahani ya klachi inaachiwa, unaingiza gia.

Ukiondoa mguu, safari hiyo yote inarudi kinyumenyume, na anayeiendesha ni springi bapa ya presha pleti. Ndiyo inayoisukuma beringi, beringi inaisukuma foku, foku inaibonyeza pistoni ya masta ya chini, mafuta yanapanda, na pedali inapanda nayo. Ndani ya masta ya juu kuna springi ndogo, lakini hiyo ni ya kuirudisha pistoni yake tu. Haina ubavu wa kuipandisha pedali.

Kwa hiyo swali la msingi ni moja: nguvu inayotoka kwenye presha pleti inapotelea wapi kabla ya kufika mguuni? Inaweza kupotea katika viungo vya chuma, katika mafuta, au katika mipira inayozuia mafuta. Presha pleti yenyewe kuchoka kiasi cha kushindwa kurudisha pedali ni jambo la nadra, nami huliweka mwisho kwenye orodha ya washukiwa.

Kiasi cha mafuta kinachofanya kazi hii yote ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Chukua mfano wa hesabu: masta ya juu yenye kipenyo cha milimita 16 na ya chini yenye milimita 20. Pistoni ya juu ikisafiri milimita 25, inasukuma takriban mililita 5 za mafuta, yaani kijiko kimoja cha chai. Mafuta hayo yanaifanya pistoni ya chini, ambayo ni nene zaidi, isogee milimita 16 tu, ila kwa nguvu iliyoongezeka mara moja na nusu hivi. Sasa weka humo mililita 1 ya hewa. Mafuta hayabonyei, hewa inabonyea. Shinikizo likifika mara 30 ya lile la hewa tunayovuta, kipovu hicho kinasinyaa hadi karibu kuisha, na nafasi yake inajazwa na mafuta yaliyopaswa kwenda chini. Umepoteza moja ya tano ya safari nzima kwa kipovu kisichojaza kijiko. Ndiyo maana klachi haivumilii upepo hata kidogo.

Springi inayoshika pedali chini

Klachi ya gari la turbo ni nzito, kwa kuwa springi ya presha pleti inabidi ibane sana ili sahani isiteleze. Ili mguu usichoke, Subaru waliweka springi saidizi kwenye mkono wa pedali. Pedali ikiwa juu, springi hiyo inaisukuma ibaki juu. Ukikanyaga ukapita kiasi fulani, inapinduka upande wa pili na kuanza kuisukuma pedali chini pamoja nawe.

Katika gari zima hili halileti shida. Nguvu inayorudi kutoka presha pleti ni kubwa kuliko ya springi saidizi, hivyo ukiondoa mguu pedali inapanda. Lakini nguvu hiyo ikipungua njiani, kwa upepo au mafuta yanayovuja, mizani inageuka. Sasa springi saidizi ndiyo mshindi, na inaishikilia pedali sakafuni. Unaiinua kwa kidole cha mguu, inafika katikati, kisha ghafla inaruka juu yenyewe. Ukiona mruko huo, jua springi imepinduka kurudi upande wake wa kwanza, na kwamba yenyewe haina kosa.

Kuna wanaoing'oa springi hiyo. Pedali inaanza kurudi, fundi analipwa, mteja anaondoka na furaha. Kwangu hiyo ni kuzima taa ya onyo badala ya kuzima moto: upepo bado umo, masta bado inavuja, na siku si nyingi klachi itagoma kuachia kabisa. Anayetaka kuiondoa kwa sababu anapenda pedali nzito inayomweleza klachi inaposhika, aiondoe akiwa na mfumo mzima.

Ubaya mwingine uko katika kule kuinua kwa kidole cha mguu. Unapoivuta pedali juu kwa nguvu kabla mafuta hayajarudi, ndani kunatokea mvuto. Mipira ya masta imeumbwa kuzuia mafuta yasitoke, haikuumbwa kuzuia hewa isiingie, na ikiwa imechoka hewa inapenya. Hivyo tatizo linajiongezea lenyewe, na gari lililokuwa likikwama mara moja kwa wiki linaanza kukwama kila taa nyekundu.

Inakwama namna gani?

Kabla ya kushika spana, mwulize dereva vizuri, maana neno "inakwama" hubeba dalili tofauti.

Kuna pedali inayozama laini kama haina kitu chini yake, ikalala. Ukiipiga haraka mara tatu nne inapata ugumu, na gia zinaingia. Huo karibu wakati wote ni upepo au mafuta kupungua. Kuna ile ambayo ukiikanyaga haraka inafanya kazi, lakini ukiikanyaga taratibu, au ukiishikilia chini kwenye foleni, gari linaanza kujisogeza lenyewe. Hapo mpira wa ndani wa masta ya juu umelika. Shinikizo la ghafla linaufanya ushike, shinikizo la polepole linapita pembeni yake na kurudi kwenye kikopo cha mafuta ya klachi. Hakuna tone litakaloonekana nje, na ndiyo sababu kosa hili huwapotosha wengi.

Kuna pedali ngumu, inayokwaruza au kulia, inayosita mahali palepale kila mara. Hiyo ni chuma kwa chuma: bushi za pedali, foku, au bomba la beringi. Kuna inayopanda, ila kwa uvivu, kana kwamba inapita kwenye asali. Mpira wa mafuta ulioziba kwa ndani na pistoni iliyovimba mipira ndio washukiwa wa kwanza. Na kuna inayokwama injini ikiwa na joto au mizunguko ikiwa juu tu. Hiyo ina sehemu yake mbele.

Anzia sakafuni, kwa tochi

Toa zulia kwanza. Si mzaha. Zulia la plastiki lisilo la gari hilo, au mazulia mawili yaliyopandana, hushika pedali vizuri sana.

Kisha lala kifudifudi mlangoni, umulike juu kwenye mkono wa pedali. Gusa pale fimbo inapoingia kwenye bati. Pakiwa na unyevu, au kapeti chini yake ina mafuta yanayoteleza, masta ya juu inavuja nyuma na huna haja ya kutafuta zaidi kwa upande huo. Angalia pini inayounganisha pedali na fimbo. Tundu lake hulika likawa la umbo la yai, na hapo unapoteza safari ya pedali bila kujua. Mwambie mwenzako akanyage huku ukiangalia kama mkono wa pedali unapinda au bati linasogea, kwani kwenye magari yaliyofungwa presha pleti nzito ya mashindano sehemu hiyo hupasuka.

Jaribio linalotoa jibu la uhakika ni hili. Chomoa ile pini, pedali iachane na masta. Sasa isogeze kwa mkono. Nusu ya juu inapaswa kuruka juu, nusu ya chini kuruka chini, bila kusita wala kukwaruza. Ikifanya hivyo, bushi na springi saidizi ni nzima, na tatizo liko mbele ya bati. Ikisita, umepata: safisha, badilisha bushi, paka grisi, rudisha pini. Angalia vidole na macho, springi hiyo imebanwa na ikiponyoka haichagui.

Kikopo cha mafuta kina mengi ya kusema

Fungua boneti, tafuta kikopo kidogo cha klachi karibu na kile cha breki. Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wazoefu husahau. Breki zikilika, mafuta kwenye kikopo chake hushuka kidogo kidogo bila kuvuja popote, kwa kuwa pistoni zimetoka nje zaidi kufuata pedi. Klachi ni kinyume. Sahani ikilika, vidole vya presha pleti vinasogea upande unaoirudisha pistoni ya masta ya chini ndani, na mafuta kwenye kikopo hupanda kidogo au hubaki palepale. Kwa hiyo mafuta ya klachi yakipungua yanavuja. Anayekuambia "ongeza tu, ni kawaida" amechanganya na breki.

Rangi nayo isome. Mafuta mazima ni meupe au ya manjano hafifu. Yakiwa meusi yenye tope, mipira inasagika, au vumbi na kutu vimo ndani. Mafuta ya viwango vya DOT 3 na DOT 4, yanayotumika kwenye breki na klachi, hunyonya unyevu kutoka hewani, na kwa hewa ya Mombasa, Tanga au Unguja hayahitaji kualikwa. Maji hayo hushusha kiwango cha kuchemka. Kwa viwango vya chini vinavyokubalika, DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na iliyokwisha kunyonya maji isichemke chini ya 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke ndani ya bomba hufanya kama hewa. Maji hayohayo huchimba vishimo vya kutu kwenye ukuta wa masta.

Kosa baya kuliko yote ni mafuta yasiyo yake. Mtu anaona kikopo kiko chini, chupa iliyo karibu ni ya usukani au ya giaboksi ya otomatiki, anamimina. Mipira ya klachi na breki haivumilii mafuta yatokanayo na mafuta ghafi ya aina yoyote: inavimba, inakuwa laini, pistoni inabanwa ndani ya masta na pedali inapanda kwa kujikokota. Kupima ni rahisi. Chovya kijiti kwenye kikopo, dondosha tone moja kwenye glasi ya maji, koroga. Mafuta halali ya DOT 3 au 4 yatachanganyika na maji. Yakielea juu na kutengeneza duara za rangi, kuna kitu kingine humo. DOT 5 ya silikoni nayo haichanganyiki na maji na haitakiwi kuwekwa humo, ingawa ni nadra kuikuta mitaani kwetu. Ikithibitika mafuta yalichanganywa, kuosha bomba hakutoshi. Masta zote mbili na mpira wa mafuta vinatoka, vinaingia vipya.

Kukata mfumo vipande viwili

Kama pedali ni huru, mafuta yapo na bado inakwama, kaifuate masta ya chini. Kwenye WRX imekaa juu ya giaboksi, chini ya intakula (kipoza hewa ya turbo), kwa hiyo intakula lazima itoke. Kazi hiyo ni nyepesi, na bila kuifanya utabaki kubahatisha.

Vuta kidogo kifuniko cha mpira kinachozuia vumbi kwenye masta hiyo. Mafuta yakichuruzika, imekufa. Kama ni kavu, mwambie mwenzako akanyage na kuachia, injini ikiwa imezimwa, nawe tazama fimbo inavyoisukuma foku. Fimbo ikirudi mara moja na pedali ikabaki chini, chanzo kiko juu: masta ya juu, au upepo. Fimbo nayo ikichelewa kurudi, chanzo kiko kwenye mpira wa mafuta, masta ya chini, foku au beringi. Kwa dakika chache umegawa gari nzima nusu kwa nusu, na hukufungua hata nati moja ya giaboksi.

Ikiwa fimbo imebaki nje, legeza skrubu ya kutolea upepo robo mzunguko. Foku ikirudi papo hapo na mafuta yakaruka, mafuta yalikuwa yamefungiwa: yalikwenda chini yakashindwa kupanda. Mpira wa mafuta uliozeeka hubambuka tabaka la ndani, na kipande hicho huwa mlango wa upande mmoja. Mguu wako una nguvu ya kuufungua, springi ya presha pleti haina. Kwa nje mpira unaonekana mzima kabisa. Upo uwezekano wa pili, kwamba kitundu kidogo cha kurudishia mafuta kwenye kikopo kimezibwa na pistoni ya masta ya juu isiyorudi hadi mwisho. Utavitofautisha kwa kufunga skrubu na kulegeza kiungo cha bomba pale juu kwenye masta mara pedali itakapokwama tena. Foku ikirudi, masta ndiyo mwizi. Isiporudi, ni mpira. Na kama hata skrubu ya chini ikiwa wazi foku bado imekaa, basi ni masta ya chini iliyobana, au ni chuma: foku au beringi.

Kubadilisha, kisha kutoa upepo

Mipira ya kurepea masta inauzwa kwa bei ndogo, na watengenezaji wa Japani kama Seiken na Miyaco wanayo. Inafaa endapo ukuta wa ndani ni laini. Pitisha kucha: ikishika kwenye kishimo, mipira mipya itakatwa na kishimo hicho na utarudi palepale. Nunua masta nzima. Wala usichukue masta iliyotumika, hata ikiwa imetoka Japani na muuzaji wa Kirinyaga Road au Kariakoo anaapa kwa mama yake. Chuma cha mtumba ni sawa, mpira wa mtumba una umri uleule wa ule uliokufa kwako. Kwa sababu hiyohiyo, masta moja ikifa ninapendelea zibadilishwe zote mbili. Mpya ikirudisha shinikizo lake kamili, ile kongwe hufuata.

Kutoa upepo kwenye mfumo wenye springi saidizi kunahitaji mkono, si mguu peke yake. Mmoja anashusha pedali taratibu, mwingine anafungua skrubu, mafuta na mapovu yanatoka kwa kimpira kilichozama kwenye chupa yenye mafuta, anafunga, ndipo pedali inainuliwa kwa mkono hadi juu kabisa. Ukiinua kabla skrubu haijafungwa, umevuta hewa ileile. Kikopo ni kidogo mno, kiangalie kila baada ya mikanyago michache. Kikikauka unaanza upya.

Pedali ikikataa kuwa ngumu, ifungue masta ya chini kutoka kwenye giaboksi bila kutoa mpira wake wa mafuta, iinamishe ili skrubu iwe ndiyo sehemu ya juu kabisa, kisha bonyeza pistoni ndani polepole kwa mkono. Povu lililojificha kwenye kona litapanda hadi kwenye kikopo. Mwenzako asikanyage pedali wakati huo, pistoni itaruka nje na mafuta yote nayo. Mafuta haya hula rangi ya gari, kwa hiyo weka ndoo ya maji karibu, maana kitambaa kikavu huyasambaza tu.

Giaboksi inaposhuka kwa haki

Kama umefika hapa na foku ndiyo inayosita, sasa fundi wa mwanzo ana haki yake. Kwenye Subaru, wengi huitoa injini badala ya giaboksi, kwa kuwa injini yake ni fupi na hutoka kirahisi kwa juu.

WRX nyingi za turbo hutumia klachi ya kuvuta: beringi imefungwa kwenye presha pleti yenyewe, na foku inaivuta kuelekea giaboksi. Ukijaribu kutenganisha injini na giaboksi bila kwanza kutoa mhimili wa foku, ambao hupatikana kwa kufungua plagi iliyo ubavuni mwa ganda la giaboksi, utavuta hadi jasho likuishe na pengine uvunje kitu. Fundi asiyejua plagi hiyo ilipo asikuguse gari.

Ndani, kagua bomba ambalo beringi inateleza juu yake. Likiwa na mikwaruzo au ngazi iliyochimbika, beringi mpya itasita palepale, kwa hiyo litengenezwe au libadilishwe. Kagua foku pale inapoegemea, na sili ya nyuma ya injini kama inatoa mafuta. Grisi ya kustahimili joto ipakwe kiasi cha kung'arisha tu. Ikizidi, itarushwa hadi kwenye sahani.

Joto na mizunguko ya juu

Gari linalokwama likiwa la moto tu, kisha likipoa linakuwa malaika, limewasumbua wengi. Kwenye WRX turbo imekaa nyuma upande wa kulia wa injini, na magari yetu ya usukani wa kulia yana masta ya juu upande huohuo. Mafuta ya zamani yenye maji, joto la turbo, kupanda Mlima Kitonga nyuma ya malori: mvuke hauhitaji zaidi ya hapo. Mafuta mapya ya DOT 4 na kinga ya joto ya turbo iliyorudishwa mahali pake (wengi huitupa ili turbo ionekane) huponya magari mengi ya aina hii.

Mizunguko ya juu ni jambo jingine. Mfano unaojulikana sana ni Chevrolet Corvette C5 ya Marekani, iliyotengenezwa kwa miaka ya modeli ya 1997 hadi 2004. Wenye magari hayo walilalamika kwamba wakibadili gia injini ikiwa karibu na ukomo wake, pedali hubaki sakafuni, na dakika chache baadaye hurudi kama hakuna lililotokea. Masta yake ya chini imezunguka mhimili unaopeleka nguvu kwenye giaboksi, ndani kabisa ya ganda la klachi, penye joto na vumbi la sahani, na kuifikia skrubu ya upepo ni shida. Wengi wamepata nafuu kwa kunyonya mafuta machafu kwenye kikopo, kuweka mapya, kukanyaga mara nyingi, na kurudia hadi yabaki safi. Nissan 370Z nayo ina masta ya chini ya aina hiyo, na ikifa giaboksi lazima ishuke. Mwenye WRX ashukuru kwamba yake iko nje.

Upande wa chuma, presha pleti inayozunguka kwa kasi kubwa vidole vyake hurushwa na nguvu ya mzunguko. Ikiwa pedali inavisukuma kupita kiasi chake, vinaweza kugoma kurudi hadi mizunguko ishuke. Hutokea hasa pale mtu anapofunga presha pleti ya mashindano na masta kubwa bila kuweka kizuizi cha pedali. Ikikutokea barabarani, kwanza ondoa mguu kwenye mafuta, injini isiruke peke yake, kisha inua pedali.

Fimbo isibane

Kazi ikiisha, rekebisha urefu wa fimbo kwenye nati yake. Pedali ikiwa juu kabisa, lazima kuwe na milimita chache za kucheza kabla fimbo haijagusa pistoni. Mafundi wengine huiongeza fimbo ili klachi ishike juu zaidi, mteja aone mabadiliko. Matokeo yake pistoni hairudi hadi mwisho, kile kitundu cha kurudishia mafuta kinabaki kimezibwa, mafuta yanatanuka kwa joto bila pa kwenda, na masta ya chini inaanza kusukuma klachi yenyewe. Sasa klachi nzima inateleza na kuungua, na safari hii maneno ya fundi kwamba klachi imekwisha yatakuwa ya kweli.

Jaribu mwisho gari likiwa limesimama, injini katika mizunguko ya chini. Kanyaga pedali hadi chini, hesabu hadi tano, ingiza rivasi. Ikiingia kimya, klachi inaachia vizuri. Ikikwaruza, rudi kwenye skrubu ya upepo. Fanya hivyo tena gari likishapata joto la barabarani, siyo pale uani tu.